Mkono ndio unaopeleka risasi: kushika bunduki ya kuwindia kwa shabaha ya mbali

Mara ya kwanza nilipompiga kongoni mbele ya mwalimu wangu, mwalimu hakumtazama kongoni. Tulikuwa Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, nyasi zimeshakauka, jua limeanza kuchoma visogo, na mnyama alikuwa amesimama ubavu, kiasi cha mita 180 kutoka kwenye kichuguu nilichokuwa nimekiegemea. Bunduki ilipolia, wafuata nyayo wawili walinyoosha shingo kutazama mbele, lakini mzee alikuwa amechuchumaa kando ya bega langu, macho yake yakiwa kwenye mkono wangu wa kushoto. "Umeukamata huo ubao kama mtu anayening'inia nyuma ya lori," aliniambia. "Kongoni yule ana risasi ya tumbo, mwanangu. Inuka tukamfuate." Mnyama alikuwa ameshatokomea kwenye vichaka, naye hakumwona alipoguswa. Alijua kwa kuutazama mkono.

Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Damu ilikuwa ya matone machache, imechanganyika na majani aliyokuwa ameyala, na kila tulipomkaribia aliinuka na kuondoka tena akiwa ameinamisha kichwa. Nilipommaliza sikuwa na furaha ya mwindaji, nilikuwa na aibu, kwa sababu mnyama yule aliteseka mchana kutwa kwa kosa lililokuwa mikononi mwangu. Mzee hakunikemea. Aliniambia nikae pale pale, nitoe risasi zote, nihakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ni tupu, kisha niishike bunduki kama nilivyoishika asubuhi ili anionyeshe. Somo lililoanza jioni ile ndilo ninaloliandika hapa.

Watu wanaoniuliza habari za shabaha ya mbali huanza na vifaa: kaliba gani (yaani kipimo cha bunduki na risasi yake), darubini ya kukuza mara ngapi, risasi ya uzito gani. Ni maswali ya haki, nami huyajibu, lakini bunduki nyingi za siku hizi, zikilazwa vizuri juu ya mifuko ya mchanga na kupewa risasi inayozifaa, hukusanya matundu matatu ndani ya duara la sentimita tatu hivi kwa umbali wa mita 100. Ichukue bunduki hiyo hiyo, umpe mtu aliyetoka kutembea kilomita sita, anahema, amesimama kwenye nyasi zinazomfika kiunoni, na duara lile litatanuka likawa sawa na sinia la pilau. Chuma hakijabadilika wala baruti haijabadilika. Kilichobadilika ni namna bunduki inavyoshikwa.

Hesabu yake ni fupi. Chukua mtutu wenye urefu wa sentimita 60. Mdomo wa mtutu ukisogea milimita moja tu upande, huku sehemu ya nyuma ikibaki mahali pake, risasi itakwenda pembeni milimita moja kwa kila sentimita 60 za safari, na kufikia mita 300 itakuwa imeikosa shabaha kwa nusu mita. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita, ambalo ni kama unene wa unywele, ni sentimita tano kwa umbali huo huo. Eneo la moyo na mapafu la swala granti halizidi sana kisahani cha kikombe cha chai. Mtu akiniambia kwamba bunduki yake "inafika" mita 500, namwamini bila shaka, kwa kuwa risasi hufika mbali zaidi ya hapo. Ninachotaka kujua ni kama mikono yake inafika.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu, nalo ndilo linaloufanya mkono kuwa na nguvu kubwa juu ya risasi. Tunadhani risasi hutoka kwanza, kisha bunduki ndiyo hupiga teke. Kwa kweli mambo hayo mawili huanza pamoja. Risasi hukaa ndani ya mtutu kwa muda wa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde baada ya kuanza kusukumwa, na katika muda huo bunduki ya kilo nne, yenye kaliba ya .30-06, huwa imesharudi nyuma kiasi cha milimita mbili kabla risasi haijauvuka mdomo wa mtutu. Milimita mbili hizo hutegemea kile ambacho bunduki inakisukuma. Ikiwa leo umeibana na kesho umeilegeza, ikiwa risasi ya kwanza kitako kilikuwa begani sawasawa na ya pili kilikuwa kwenye msuli wa mkono, itarudi kwa njia tofauti, na matundu yatakuwa mahali tofauti hata kama msalaba wa darubini, yaani mistari ya kulengea, ulikuwa pale pale. Ndiyo maana mwindaji anayeshika vibaya lakini kwa namna ile ile kila mara hunipa matumaini kuliko yule anayeshika vizuri leo na kubahatisha kesho.

Nianze na mkono wa mbele, ambao kwa wengi wetu ni wa kushoto, maana ndio unaoharibu zaidi. Kazi yake ni kubeba, wala hauna ruhusa ya kuelekeza. Kosa langu la Simanjiro lilikuwa kwamba msalaba wa darubini haukutua wenyewe juu ya bega la kongoni. Ulitua nyuma yake kidogo, nami nikauvuta ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, kwa nguvu za vidole mpaka msalaba ukafika nilikotaka. Kwa jicho, mambo yalikuwa sawa kabisa. Lakini msuli unaovuta hauwezi kuvuta kwa kipimo kimoja mfululizo, na kidole cha mkono wa pili kilipofyatua, mkono wa kushoto uliachia kidogo, bunduki ikarudi ilikokuwa inataka kwenda, na risasi ikaingia tumboni.

Dawa yake niliyofundishwa ni hii. Weka mwili na bunduki katika hali ya kupiga, lenga, kisha fumba macho, vuta pumzi moja na uitoe, ulegeze mabega, halafu fumbua. Ukikuta msalaba umehama, mwili wako haujaelekea kule unakodhani. Usiusahihishe kwa mikono. Sogeza nyonga, sogeza miguu, geuza mwili mzima kidogo, ufumbe tena na kufumbua, mpaka ukifumbua uukute msalaba umetulia unapotaka bila kuushikilia. Mara za mwanzo jambo hili huchukua nusu dakika nzima, na mnyama hakusubiri. Baada ya mazoezi ya miezi michache, miguu hujipanga yenyewe unapokuwa bado unaishusha bunduki kutoka begani.

Namna ya kuuweka mkono huo hutegemea kilicho chini yake. Ukiegemea kitu kigumu kama kichuguu, jiwe, tawi nene au boneti ya gari unapofanya mazoezi, usiilaze bunduki moja kwa moja juu yake, na kamwe usiulaze mtutu wenyewe. Bunduki iliyokaa juu ya kitu kigumu hudunda inapolia, na risasi nyingi za namna hiyo hupita juu. Laza kiganja kwanza, mgongo wa mkono ukiwa juu ya kichuguu, kisha bunduki ikae ndani ya kiganja kilicholegea kama mtu aliyepokea yai. Kofia iliyokunjwa, begi au sweta vinaweza kusaidia, lakini mkono wa binadamu ni mto ambao hausahauliki kambini. Mtutu ukigusa kitu, huzuiwa kutikisika kwa namna ulivyozoea kutikisika, na lengo lote ulilolirekebisha kwenye karatasi halina kazi tena.

Porini kwetu, hasa kwenye nyasi ndefu, kulala chini hakuwezekani mara nyingi, kwa hiyo hutumika magongo: miti mitatu myembamba, mirefu kufika usawa wa kidevu, iliyofungwa karibu na ncha za juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku hizi yapo ya kiwandani, ya alumini, mepesi na ya kukunjwa, na mengine ni mazuri sana, lakini bado nayapenda yale ya mpira wa tyubu kwa kuwa hayatoi sauti. Juu ya magongo, mkono wa kushoto una kazi mbili kwa pamoja. Vidole viwili au vitatu hukamata fundo la magongo na vilivyobaki pamoja na gumba huukumbatia ubao wa mbele, hivi kwamba bunduki na magongo vinakuwa kitu kimoja. Egemea mbele kidogo, mguu wa kushoto ukitangulia, uzito wa mwili uyakandamize magongo ardhini. Mtu anayesimama wima akiwa amejivuta nyuma kwa kuliogopa teke hutikisika kama bendera.

Hata hivyo magongo hutuliza upande wa mbele tu. Kitako cha bunduki bado kinaelea kwenye bega la mtu anayehema, na ukitazama kwa karibu utaona msalaba ukipanda na kushuka kwa pumzi, ukichorachora mviringo mdogo kwa mapigo ya moyo. Kinachokosekana ni tegemeo la kiwiko cha kulia. Ikiwa kuna mti, banza ubavu wa kulia kwenye mti. Ikiwa umekaa, kiwiko kiweke ndani ya goti, nyama ya juu ya kiwiko ikutane na nyama ya ndani ya goti, maana mfupa juu ya mfupa huteleza. Wapo wanaomwinamisha mfuata nyayo na kulaza bunduki juu ya bega lake. Nimeliona jambo hilo, na nalikataa kwa moyo wangu wote. Mlio wa bunduki kubwa karibu na sikio la mtu huharibu usikivu wake moja kwa moja, na kijana yule ataishi na uziwi huo miaka mingi baada ya pembe kupelekwa nyumbani kwa mteja.

Ukipata nafasi ya kulala kifudifudi, labda juu ya kilima chenye mawe au ukingoni mwa mbuga iliyolishwa nyasi zikawa fupi, bunduki ikae mbele juu ya begi lililoshindiliwa, na hapo mkono wa kushoto uondoke mbele kabisa. Urudishe nyuma, uuingize chini ya kitako, ushike mfuko mdogo uliojazwa mchanga au mchele, hata soksi nene iliyojazwa na kufungwa. Ukiuminya mfuko kitako hupanda na msalaba hushuka. Ukiulegeza msalaba hupanda. Kwa namna hiyo unasahihisha lengo kwa vipimo vidogo mno, bila msuli wa bega kuingilia. Sijaona namna nyingine inayoweza kutuliza bunduki porini zaidi ya hii, na ni katika hali hii peke yake ninapokubali kuzungumzia mita 300.

Ila bunduki nzito ina sheria yake. Kwa .375 H&H Magnum, kaliba iliyotoka mwaka 1912 na ambayo bado ndiyo tunayoitegemea kwa nyati, teke ni karibu mara mbili ya lile la .30-06. Ukiiacha bunduki hiyo ikae yenyewe juu ya begi huku mkono wa kushoto umeutia nyuma, itaruka na huenda darubini ikakupasua nyusi. Hapo mkono wa mbele urudi kwenye ubao, ushike kwa uimara, uvute kuelekea begani na kuelekea chini. Kovu dogo la nusu duara juu ya jicho ni alama unayoweza kuiona kwenye nyuso za wawindaji wengi, na karibu kila mara linatokana na mambo mawili: jicho kuwa karibu mno na kioo, chini ya sentimita nane hivi, na mkono kuwa legelege.

Mkono wa nyuma ni mpole zaidi lakini una siri nyingi. Vidole vitatu, yaani cha kati, cha pete na cha mwisho, huishika shingo ya kitako na kuivuta moja kwa moja kuingia begani. Nguvu yake mzee aliifananisha na mkono unaompa mtu mzima unapomwamkia shikamoo: humkamui, wala humpi mkono uliolegea kama umemdharau. Ukikaza mno, vidole huanza kutetemeka, na mtetemo huo huonekana kwenye darubini kabla hujauhisi mkononi. Kidole cha kati kisigusane na chuma kinachozunguka kifyatulio, la sivyo kitapondwa risasi ya kwanza na utaiogopa ya pili. Kuhusu gumba, nimeona mabingwa wakilivusha upande wa pili wa shingo na wengine wakiliacha juu, upande ule ule wa kulia. Mimi huliacha upande wa kulia ninapopiga mbali, kwa sababu gumba lililovuka huelekea kuminya wakati kidole cha shahada kinapovuta, na kuminya huko huizungusha bunduki. Kwa nyati aliye karibu hulivusha, kwani hapo nataka bunduki isinitoke.

Kisha kidole cha shahada chenyewe. Mpaka umeamua kupiga, kidole hicho kinalala ubavuni mwa bunduki, juu ya mti, nje kabisa ya kifyatulio. Hili halina mjadala, na kambini kwangu anayelisahau mara mbili hubeba bunduki tupu. Kinapoingia, kiguse kifyatulio kwa nyama ya pingili ya kwanza, katikati ya ncha na mkunjo. Ukikiingiza mpaka kwenye mkunjo, huwezi kuvuta nyuma moja kwa moja. Utavuta na pembeni pia. Fikiria uzito uliopo: kifyatulio cha kawaida cha bunduki ya kuwindia kinahitaji kilo moja na nusu hivi, na bunduki yenyewe ina kilo nne. Unaivuta bunduki kwa zaidi ya theluthi moja ya uzito wake wakati ule ule unaotaka isisogee. Kinachowezesha jambo hilo ni kwamba kidole peke yake kinatembea, na mkono uliobaki hausikii habari zake. Kaza polepole, kwa nguvu inayoongezeka bila kukatika, mpaka mlio ukukute bado unakaza. Ukimwona mtu anasubiri msalaba upite juu ya bega la mnyama ili aukamate kwa kukwapua kifyatulio, ujue risasi hiyo haitakwenda anakotaka.

Na ukishafyatua, usikiachie kidole. Kibaki nyuma, kimekandamiza, shavu libaki juu ya kitako, jicho libaki kwenye darubini, mpaka bunduki iliyoruka imerudi na umemwona tena mnyama. Hapo ndipo mkono wa kulia unaondoka kwenda kwenye bolti, yaani komeo la kuingizia risasi, na kuingiza risasi nyingine, bunduki ikiwa bado begani. Wengi huinua kichwa mara tu kwa hamu ya kuona matokeo, na kwa kuwa uamuzi wa kuinua kichwa huanza kabla ya mlio, shavu huondoka wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Mwindaji aliyebaki mahali pake anaweza kusema msalaba ulikuwa wapi bunduki ilipolia: "ilikuwa nyuma kidogo," au "ilikuwa chini ya bega." Kauli hiyo ina thamani kubwa kwa mfuata nyayo kuliko damu ya kwanza atakayoiona.

Pumzi nitaisema kwa ufupi. Vuta kawaida, toa kawaida, na pale pumzi inapokoma yenyewe kabla ya kuvuta nyingine ndipo ukaze kifyatulio. Usijaze kifua ukakibana. Zikipita sekunde nane au kumi hujapiga, acha, pumua, uanze upya. Jicho lililokosa hewa huanza kuuona msalaba umefifia.

Msimu mmoja nilimpokea mteja aliyekuwa na bunduki nzuri sana ya kaliba ya 7 mm Remington Magnum. Siku ya kwanza, kama ilivyo desturi, tulikwenda kuijaribu bunduki kabla ya kumwonyesha mnyama yeyote, kwa kuwa darubini inaweza kuwa imegongwa safarini. Shabaha ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye boksi la maji ya kunywa, mita 100, nyuma yake kukiwa na tuta la udongo. Akiwa ameketi mezani matundu yake matatu yangefunikwa na sarafu mbili. Siku ya tatu tulimpata choroa dume, mita 210, amesimama ametulia, nasi tukiwa nyuma ya magongo. Alipiga, vumbi likaruka mbali kushoto. Choroa alikimbia kidogo akasimama tena, akapiga tena, kushoto tena. Nilimwomba apumzike tumwache mnyama aende zake, kwa kuwa afadhali choroa mzima kuliko choroa aliyejeruhiwa, na kwa kanuni zetu aliyejeruhiwa huhesabiwa kama aliyeuawa.

Jioni niliiomba bunduki yake, nikajaza magazini mwenyewe bila yeye kuona, nikichanganya risasi za kweli na risasi bandia zisizo na baruti, nikamrudishia apige kwenye boksi akiwa amesimama kwenye magongo. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa bandia: kulisikika "tak" tu, na mdomo wa mtutu ukaenda chini na kushoto kwa upana wa kiganja. Alibaki ameutazama mtutu kwa muda mrefu. Mezani bunduki ilikuwa imelazwa kwenye mifuko ikamfichia ugonjwa wake. Akisimama, bega lake lilijitayarisha kwa teke nusu sekunde kabla, na mkono wa kushoto ukasukuma kulizuia. Tulifanya hivyo kwa jioni tatu, tukimfunga vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, maana sehemu kubwa ya hofu ya bunduki inaingilia masikioni. Choroa wake alimpata siku ya saba, kwa mita 190, na hakusogea hatua thelathini.

Habari hii hunikumbusha Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyewinda tembo katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka akaitwa Karamojo Bell. Wenzake walibeba mabunduki mazito yenye midomo miwili. Yeye alipendelea bunduki ya kaliba ya 7×57 mm, risasi ya gramu 11 hivi, ndogo kuliko ile ambayo wengi wetu tunaitumia leo kwa swala. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, na alijizoeza bila kuchoka. Leo sheria zetu hazimruhusu mtu kumwendea tembo au nyati na kaliba ndogo, na ni vizuri, kwani si kila mkono ni mkono wa Bell. Idadi ya tembo aliowaua, zaidi ya elfu moja, siitazami kwa fahari. Ninachokichukua kwake ni ushahidi kwamba mahali risasi inapoingia ni jambo zito kuliko ukubwa wake.

Sasa umbali wenyewe. Risasi ya .30-06 ya gramu 11.7, inayotoka kwa mita 820 kwa sekunde, bunduki ikiwa imelinganishwa kupiga katikati kwa mita 200, itashuka robo mita hivi kwa mita 300 na karibu sentimita 70 kwa mita 400. Tazama jinsi mita 100 za mwisho zilivyoongeza karibu mara mbili ya ile robo. Kushuka huku kunahesabika, na ukiwa na kifaa cha kupimia umbali na jedwali lililojaribiwa kwa bunduki yako, unaweza kukusahihisha. Upepo ndio usiohesabika kirahisi. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaopeperusha majani ya migunga bila kuinamisha matawi, huisogeza risasi hiyo kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kwa mita 300, na katika mbuga za Umasaini upepo wa saa nane mchana unaweza kuwa na mielekeo miwili kati yako na mnyama. Hapo ndipo mazigazi husaidia: ukiyaona kwenye darubini yakipanda wima, upepo umetulia, yakilala na kukimbia upande mmoja, subiri.

Kisha kuna muda. Kwa mita 300 risasi hutumia karibu sekunde 0.4 njiani. Kwa mita 600 hutumia karibu sekunde nzima, na swala anayekula nyasi hupiga hatua moja ndani ya sekunde nzima bila kujua chochote. Mkono uliotulia kuliko yote duniani hauwezi kuizuia hatua hiyo. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaopiga wanyama kwa mita 600 na 800 kwa ajili ya picha. Karatasi na bamba la chuma vipo kwa kazi hiyo, na ni mchezo mzuri unaofundisha mengi. Kwa mnyama hai mpaka wangu ni mita 300 nikiwa nimelala na mifuko miwili, 200 juu ya magongo, na mita 80 nikiwa nimesimama bila tegemeo lolote. Nikichoka au nikiwa na haraka, kila namba hapo inapungua. Kila mwindaji ajipimie yake kwenye karatasi, akiwa amesimama na kuhema, na akubali umbali ambao risasi tano kati ya tano huingia ndani ya kisahani.

Mazoezi hayahitaji risasi nyingi. Miezi miwili kabla ya Julai, msimu unapofunguliwa, huwa nafanya dakika 15 kila jioni na bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, mtutu ukielekea kwenye ukuta mnene ambao nyuma yake hakuna anayeishi. Naweka magongo, naweka miguu, nafumba na kufumbua macho. Mwanangu mkubwa huja kuweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na mdomo, kisha anarudi nyuma yangu. Nakaza. Bolti inagonga, nasi wawili tunaisikiliza sakafu. Sarafu ikibaki juu mara kumi mfululizo nabadilisha mkao, nakaa chini, napiga goti, naanza upya. Ikianguka, naanza kwa kuutazama mkono wa kushoto.